Kusadikika si Mbali

Juzi nilishuka Tunduma kuuza viazi, nikaingia kwenye banda la video. Walikuwa wanaonyesha filamu ya Kimarekani, The Hunger Games, iliyotokana na riwaya ya Suzanne Collins ya mwaka 2008. Vijana wanapigiwa kura, wanatupwa porini wauane, na wakubwa wanatazama kama mpira. Tulipotoka, kijana mmoja akaniambia, "Kaka, sisi Waswahili hatuwezi kuandika vitu kama hivi." Nikamwambia tuliandika tangu 1951. Akacheka. Basi lilikuwa linaondoka, kwa hiyo jibu langu naliandika hapa.

Ndugu msomaji, kitabu ninachokisema ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Mimi nilikutana nacho shuleni, na nusura kinifie huko huko. Tuliambiwa Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni, tukakariri, tukajibu mtihani, basi. Safari hii nimekirudia nyumbani Ibaba, kwa mwanga wa koroboi, bila mtihani wowote. Kwa kweli nimesoma kitabu kingine kabisa.

Nchi yenyewe inaelea angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno, na kosa lake ni kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja. Wajumbe sita walitumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Walirudi na habari njema, na kila aliyerudi alifungwa.

Wako watakaosema hayo ni ya angani tu. Lakini sisi wa Ileje tunapakana na Malawi, mto Songwe ndio mpaka. Ng'ambo hiyo, chini ya Kamuzu Banda, mshairi Jack Mapanje alikaa kifungoni tangu 1987 hadi 1991 bila kufunguliwa mashtaka. Mkoloni alikwisha kuondoka tangu 1964. Sasa, mwalimu wangu, hiyo nayo tuiiteje?

Kitabu kina kasoro, na sitaficha. Mtu akishaitwa Majivuno, tutegemee nini kwake? Hapati hata nafasi ya kutushangaza. Tena wake na mama za wale wajumbe wako wapi? Nani alipeleka chakula gerezani? Na mwisho, mfalme anawaachia huru wote. Nilipokuwa mwanafunzi nilifurahi. Sasa naona mashaka: je, mfalme angeamka vibaya siku ile?

Lakini ipo sehemu iliyonikamata, nayo ni wale watu wanaokuja barazani kusikiliza. Wajumbe sita wamefungwa mmoja baada ya mwingine, na nchi imeendelea kula na kulala. Nikakumbuka mkutano mmoja niliohudhuria. Mzee mmoja alisimama akauliza fedha za michango zilikokwenda. Akaambiwa akae chini, eti anapenda maneno. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, bwana, tena kwa sauti, ili nionekane niko pamoja na wenzangu. Jioni nilipita mbele ya nyumba yake nikashindwa kumwamkia.

Ninaandika riwaya, nina daftari mbili zimejaa. Mpaka wiki iliyopita shujaa wangu alikuwa kijana hodari kama Karama, na maneno yake yalikuwa matamu mno. Nimeyafuta. Ninaanza upya na yule aliyekaa nyuma akacheka, maana huyo namfahamu. Shaaban Robert alituonyesha mshtakiwa. Huyu wa nyuma hakumfikia, na nadhani ni kazi tuliyoachiwa sisi.

Kaka wa Tunduma, ukiyasoma haya, kitabu ninacho. Njoo Ibaba nikuazime, ila ukirudishe.