Kimya na Msiba katika Filamu ya Only Angels Have Wings

Ni rahisi kuichukulia filamu ya Howard Hawks, Only Angels Have Wings (1939), kuwa sifa tupu za ushujaa wa marubani wanaosafirisha barua juu ya milima ya Amerika ya Kusini. Usomaji huo hujikwaa mapema. Joe Souther ameanguka na ndege yake. Nyama aliyokuwa ameiagiza inaletwa mezani. Geoff Carter (Cary Grant) anaila, kisha anajifanya hamjui Joe ni nani. Bonnie Lee, mgeni katika bandari ya Barranca, anashtuka, na mtazamaji hali kadhalika. Hata hivyo, kimya hiki si ukavu wa moyo bali ni mwiko wa kazi: anayelia leo hataruka kesho. Ndiyo maana kifo cha Kid, sahibu wa chanda na pete, kina uzito. Kid anaomba aachwe peke yake asionekane akifa. Baadaye Bonnie anamfumania Geoff akitokwa na machozi. Sarafu ya Kid, yenye kichwa pande zote mbili, ndiyo inayomwambia Bonnie abaki, kwa kuwa Geoff hawezi kulitamka neno hilo.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Mkataba wa barua ndio unaowaponza marubani, lakini hakuna hata barua moja inayofunguliwa, wala mwenyeji anayeonekana akiingojea. Wenyeji wa Barranca wamebakia kuwa muziki na pambo la baa ya Dutchy.