Anayeimba Ndiye Anayecheza

Mchezaji wa ngoma ya sangula hapa Ifakara haulizwi kama kazi yake ni kuimba au kucheza. Ngoma ikikolea, sauti na miguu vyote vinatoka kwa mtu yuleyule. Ndiyo maana katika wachezaji wa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya Kusini mwa India, ninayemvulia kofia kuliko wote ni Balasaraswati, au Bala, wa Madras.

Alizaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wanawake wanamuziki. Bibi yake, Dhanammal, alikuwa bingwa wa kupiga vina, ala ya nyuzi. Mama yake, Jayammal, ndiye aliyemwimbia jukwaani. Bala alifunzwa na Kandappa Pillai, mwalimu mkali, na mwaka 1925, akiwa na miaka saba tu, akacheza hadharani kwa mara ya kwanza huko Kanchipuram. Wanawake wa koo kama yake, waliocheza hekaluni tangu enzi na enzi, walikuwa wameanza kudharauliwa. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu hekaluni. Bala hakuikana asili yake hata siku moja.

Kwanza isikilize ngoma inayomchezesha. Mridangam ni gogo la mfenesi lililokombwa ndani. Ngozi ya kulia ina doa jeusi: unga wa jiwe uliokandwa na wali, unapakwa tabaka juu ya tabaka na kila tabaka linasuguliwa mpaka ngozi itoe mlio safi. Ngozi ya kushoto hupakwa kinyunga cha ngano kabla ya onyesho ili itoe besi, kisha kinakwanguliwa. Mkulima wa mpunga wa Kilombero na ajue kwamba jasho la wakulima wenzake limo ndani ya sauti ile. Bala akikunja magoti kuelekea nje, mgongo umenyooka, njuga zake zinaijibu ngoma hiyo pigo kwa pigo.

Lakini ubingwa wake hasa unaonekana miguu inapotulia. Mwaka 1976 Satyajit Ray, mwongozaji filamu wa India, alimtengenezea filamu iitwayo Bala. Humo anacheza ufukweni, upepo unapeperusha sari yake, bahari nyuma yake. Wimbo unamwita mungu Krishna akiwa mtoto, na mstari unarudiwa tena na tena. Mwanamke wa karibu miaka sitini, mnene kiasi, hajapambwa kama msichana. Lakini mkono wake ukiita, unamwona mtoto. Ukirudi mstari uleule, wito umebadilika: ulikuwa wa kubembeleza, sasa ni wa kusihi. Hakariri. Anausikiliza wimbo na kuujibu palepale, na mara nyingi aliuimba mwenyewe huku akicheza. Aliamini kuwa asiyeujua muziki hawezi kuicheza ngoma hii, na aliwafundisha hivyo wanafunzi wake India na Marekani mpaka alipofariki mwaka 1984.

Vikundi vyetu vya ngoma, kuanzia Ifakara hadi Mahenge, siku hizi huitwa kwenye sherehe vikacheza kwa dakika chache, wakati mwingine kwa muziki wa spika. Nawaomba viongozi wa vikundi hivyo waitafute filamu ile, ina kama nusu saa tu, wakae na vijana wao waitazame. Kisha wazime spika, wawafundishe vijana kuimba.