Mafuta ya Jua kwa Wenye Ualbino

Kilisun ni mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Katika ufuo wa Ziwa Viktoria thamani yake huonekana wazi. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na ngozi yenye upungufu wa melanini huungua upesi. Ikiungua miaka nenda rudi, saratani huweza kufuata. Ndiyo maana baadhi ya watoto wenye ualbino katika kisiwa cha Ukerewe, ziwani humo, huzuiwa kucheza nje, nao upweke huo ni ulemavu wa pili.

Mafuta hupakwa kwa wingi usoni, shingoni, mikononi na nyuma ya masikio, mahali panaposahaulika sana, kisha hurudiwa kila baada ya saa mbili. Kofia pana na nguo za mikono mirefu bado ni lazima. Mtoto akishakingwa hivyo anaweza kucheza nje, na kwa kuwa ualbino huambatana na uoni hafifu, mpira wa rangi kali humsaidia.

Shirika la Standing Voice, linalosambaza Kilisun kupitia kliniki za ngozi, linastahili pongezi za dhati, kwani kliniki hizo pia hugundua vidonda vya saratani mapema, vikiwa bado vinatibika.