Mruko Haupimwi kwa Macho

Kuna mambo mawili ambayo wapenda gemu wa Meru na Embu hawachoki kubishania. La kwanza ni kama kuna busara yoyote ya kulipia gemu ya kidijitali wiki au miezi kabla haijatoka. La pili ni kama gemu za kuruka za zamani, zile za akina Mario, Contra, Sonic na Crash, bado zina utamu au zimeshachuja. Hujadiliwa kama mambo mawili yasiyohusiana: la kwanza la pesa, la pili la kumbukumbu za utotoni. Mimi naona ni jambo moja. Ubora wa gemu ya kuruka umo katika muda mfupi sana, kati ya kidole kubonyeza kitufe na miguu ya mhusika kukanyaga chini. Muda huo hauonekani kwenye trela wala kwenye picha za matangazo. Asiyejua kuupima atalaghaiwa na gemu ya zamani iliyopakwa rangi upya, na atalaghaiwa vilevile na gemu mpya ambayo hajaigusa. Anayejua kuupima hana sababu ya kulipa mapema.

Tuanze na kipimo chenyewe. Katika Donkey Kong ya mwaka 1981, kazi ya Shigeru Miyamoto wa Nintendo, mhusika ana mruko mmoja usiobadilika: ukishabonyeza, umeshabonyeza. Miaka minne baadaye, katika Super Mario Bros., mhusika huyohuyo amepata mwili. Ukigusa kitufe anaruka kidogo. Ukikishikilia anapanda zaidi. Akikimbia anaruka mbali kuliko akitembea, na akiwa angani unaweza kumvuta nyuma, ingawa si kabisa, kwa sababu bado amebeba kasi uliyompa ardhini. Gemu nzima ilitoshea kwenye kilobaiti 40, pungufu ya picha moja ya kawaida ya WhatsApp, na bado hatua yake ya kwanza ni somo kamili lisilo na neno hata moja la maelezo. Adui mdogo anakujia kutoka kulia. Usiporuka unakufa, na hasara yako ni sekunde chache tu. Mbele kidogo kuna vitalu vyenye alama ya kuuliza. Ukikipiga kimojawapo kwa kichwa unatoka uyoga, unateleza kwenda kulia, unagonga bomba na kukurudia, kiasi kwamba hata mwoga anayeukimbia mara nyingi huishia kuugusa na kugundua kwamba unampa nguvu badala ya kumuua. Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Haikuja kwa bahati, na haina uhusiano wowote na wingi wa rangi.

Kwa hiyo anayeshika padi kwa nia ya kupima asianze kwa kutazama mandhari. Abonyeze kitufe kwa kukigusa tu, kisha akishikilie, aone kama miruko miwili inatofautiana. Ageuke katikati ya mruko. Atembee hadi ukingoni na kuchelewa kidogo kubonyeza. Hapo mafundi wa leo wana hila nzuri. Katika Celeste, gemu ya 2018 ya Maddy Thorson na Noel Berry, mhusika akishatoka ukingoni bado anapewa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde ambamo mruko unakubalika. Ukibonyeza mapema kidogo kabla ya kutua, gemu inakumbuka ombi lako. Kichwa kikigonga kona, mwili unasogezwa pembeni ili upite. Mchezaji wa kawaida hajui lolote kati ya hayo. Anachohisi ni kwamba gemu inamwelewa. Kisha ajaribu mruko mgumu mara kadhaa mfululizo na kujiuliza swali ambalo kwangu linazidi mengine yote: nikikosa, je, najua nimekosea wapi? Gemu nzuri inakuua ukajilaumu mwenyewe. Gemu mbovu inakuua ukailaumu padi.

Wapo watakaosema kipimo hiki kinapendelea gemu za kisasa, kwamba ukipima kila kitu kwa wepesi wa Celeste utazitupa nusu ya gemu za miaka ya 1980. Sivyo, na hapa ndipo wengi wanapochanganya wepesi na ubora. Katika Castlevania ya 1986 ukisharuka huwezi kubadilisha mwelekeo hata kidogo. Kwa masikio ya leo hilo ni kasoro. Lakini maadui wa Castlevania, ngazi zake na upana wa majukwaa yake vimepangwa kwa kuujua mruko huo mzito. Unatakiwa kuamua kabla ya kuruka, na ukiamua vizuri unapita. Vivyo hivyo Prince of Persia ya 1989: Jordan Mechner alichora miendo ya mhusika kutokana na filamu alizompiga mdogo wake akikimbia na kuruka, na matokeo yake ni mtu anayehitaji kujiandaa kabla ya kuruka kama mtu wa kweli. Mkono uliozoea Mario utauona mzigo, ila sakafu za jumba lile zimekatwa kwa vipimo vya hatua zake, na baada ya muda unaanza kuhesabu hatua bila kujijua. Kinachopimwa basi ni maelewano kati ya mruko na ardhi. Mruko mzito juu ya ardhi iliyokatwa kwa ajili yake haujazeeka. Mruko mwepesi juu ya ardhi ya mwingine umeharibika siku ileile ulipotengenezwa.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua ni Crash Bandicoot. Gemu ya kwanza ilitoka 1996 kwenye PlayStation ya kwanza. Mwaka 2017 ilirudi pamoja na mbili zilizoifuata katika mkusanyo wa N. Sane Trilogy, na kwa macho hakuna cha kulalamikia: manyoya ya Crash yanahesabika, majani ya msituni yanameremeta. Lakini wachezaji wazoefu walianza kudondoka mahali ambapo hawakuwa wakidondoka miaka 20 iliyotangulia. Watengenezaji walikuwa wamechukua namna ya kusogea ya gemu ya tatu na kuifanya msingi wa zote tatu, mhusika akawa anashuka kwa kasi zaidi, na umbo lisiloonekana ambalo kompyuta hulitumia kujua kama miguu imegusa jukwaa likawa la mviringo chini, kama kidonge. Ukitua ukingoni, unateleza. Majukwaa yenyewe yalikuwa yamebaki kama ya 1996. Yaani sura iliboreshwa na ufundi ukapungua, ndani ya kazi ileile, na hakuna trela ambayo ingeweza kukuonyesha hilo. Siiti gemu mbaya. Naiita gemu ambayo ilistahili kuguswa kabla ya kulipiwa.

Upande wetu wa Mlima Kenya kuna jambo la ziada ambalo mbishi wa Tokyo au New York hana. Wengi walizifahamu gemu hizi kupitia TV gemu, zile mashine za bei nafuu zilizoiga mtambo wa Nintendo, na kaseti zake za plastiki za rangi ya manjano. Runinga za Kenya zilitumia mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, ilhali gemu nyingi ziliundwa Japani kwa mfumo wa picha 60. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la PAL ikicheza gemu ya Kijapani bila marekebisho hupunguza kasi yake kwa karibu asilimia 17. Contra ambayo mtu anaikumbuka kuwa rahisi huenda ilikuwa Contra ya polepole. Leo anaipakua kwenye simu, inakwenda kwa mwendo wake halisi, anashindwa hatua ya pili na kutangaza kwamba gemu imezeeka. Kuna pia kosa la kinyume chake: runinga nzito za zamani zilionyesha picha karibu papo hapo, lakini baadhi ya runinga bapa, zisipowekwa katika hali ya gemu, huchelewesha picha hadi milisekunde 100 hivi. Kwa gemu ya picha 60, hizo ni picha sita zimepita kabla hujaona ulichofanya. Kabla ya kuihukumu Mario ya 1985, fungua mipangilio ya runinga. Lawama nyingi zitaishia hapo.

Kaseti zilezile zina somo la pili. Kibandiko kiliandikwa 9999 kwa 1, ndani mkiwa na gemu chache zinazojirudia, nyingine zikianzia hatua tofauti au zikiwa zimebadilishwa rangi. Mnunuzi alilipia kibandiko. Agizo la mapema la kidijitali ni kibandiko kilichonakshiwa vizuri zaidi, na tofauti yake na biashara halali ya kuweka oda ni rahisi kuiona kwa mtu wa Meru. Anayeagiza miraa Maua ana sababu: mzigo wa asubuhi huisha, na hata ukifungwa kwa majani ya mgomba baada ya siku mbili hivi umekosa thamani. Faili la gemu haliishi wala halinyauki. Mnunuzi wa milioni moja hupata kilekile alichopata wa kwanza, tena mara nyingi bora zaidi, kwa kuwa makosa yamesharekebishwa. Cyberpunk 2077 si gemu ya kuruka, lakini ndiyo kesi inayofaa kukumbukwa. Ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020 ilikuwa na maagizo ya mapema milioni 8. Wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta pekee, na wenye PS4 ya kawaida, mashine ambayo hata hapa ndiyo ilikuwa ya wengi, walikuta kitu kisichochezeka. Siku nane baadaye Sony iliiondoa dukani, nayo haikurudi hadi Juni 2021.

Mpinzani mwerevu atajibu kwamba bidhaa za kidijitali nazo hutoweka. Ni kweli. Super Mario 3D All-Stars, mkusanyo wa gemu tatu za kuruka, iliuzwa kuanzia 18 Septemba 2020 hadi 31 Machi 2021 tu, kisha Nintendo ikaiondoa hata kwenye duka la mtandaoni ambako hakuna rafu ya kujaa. Mei 2022 gemu za zamani za Sonic ziliondolewa kwenye maduka kadhaa ya kidijitali ili kuupisha mkusanyo wa Sonic Origins. Huo ni uhaba wa kutengenezwa, na unaudhi. Lakini angalia tarehe: kati ya kutoka na kuondolewa kwa All-Stars kulikuwa na zaidi ya miezi sita. Aliyesubiri wiki mbili akasikia wenzake wanasemaje hakupoteza chochote. Hoja ya kutoweka inatetea kununua. Haitetei kununua kabla.

Hoja ya bando ina uzito zaidi. Mtu wa Runyenjes au Nkubu anayetegemea intaneti ya simu anaweza kutaka kuanza kupakua siku kadhaa kabla, usiku, ili acheze siku ya kwanza, na maduka mengi huruhusu hivyo kwa waliolipa tu. Naikubali kama raha, siikubali kama akiba, maana viraka vya siku ya kwanza hupakuliwa na kila mtu. Bonasi za mavazi ya mhusika sizijadili. Hakuna vazi lililowahi kurekebisha mruko. Kuhusu watengenezaji wadogo wanaohitaji pesa mapema, hao mara nyingi hutoa kionjo cha bure, na kionjo ndicho tunachotaka. Celeste yenyewe ilianza kama gemu ndogo iliyoundwa kwa siku nne, na hadi leo toleo hilo huchezwa bure kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote ya saiba.

Inabaki hoja ya kurudishiwa pesa. Kwenye Steam ina nguvu: unaweza kurejesha gemu ndani ya siku 14 ikiwa hujaicheza saa mbili, na dakika kumi zinatosha kuupima mruko. Tangu kadi ya M-Pesa GlobalPay ianze mwaka 2022, hata malipo yenyewe hayahitaji benki. Kwenye PlayStation hali ni nyingine. Kenya haimo katika orodha ya nchi zenye akaunti rasmi za PlayStation Network, hivyo wengi hutumia akaunti zenye anwani za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kuzijaza kwa kadi za zawadi. Ukirudishiwa, pesa huishia kwenye pochi ya akaunti hiyo, kwa dola, pauni au randi, ndani ya duka ambalo rasmi huna haki ya kuwa mteja wake. Ukiwa na mgogoro, utalalamika ukiwa mkazi wa mji ambao hujawahi kuuona. Diski angalau huuzwa tena.

Ndiyo maana naona chombo bora cha upimaji tulicho nacho ni vyumba vya gemu, vile vya Makutano mjini Meru, vya mjini Embu na vya kando ya vyuo, ambako mteja hulipia mchezo mmoja baada ya kuuona ukiwaka mbele yake. Tatizo lake ni moja: karibu padi zote zimeshikwa na mpira. Mwenye chumba, tenga mashine moja tu. Weka N. Sane Trilogy, weka Celeste, weka Mario ya 1985 kama unaweza, rekebisha mipangilio ya runinga, na utoze bei ileile ya mechi. Mteja wako atatoka akijua cha kununua, na wewe utakuwa umelipwa kwa kumwonjesha.