Hofu ya filme «Psycho»

Watu wengi wanafikiri kwamba filme ya kutisha ni filme yenye damu nyingi. Basi waangalie «Psycho», ambayo Alfred Hitchcock aliitoa mwaka 1960. Damu ni kidogo, tena nyeusi, maana picha hazina rangi. Kisu chenyewe karibu hatukioni kikikata mwili. Hata hivyo, mwaka 2001, American Film Institute iliiweka ya kwanza kati ya filme 100 za Marekani zinazopeleka moyo mbio. Kwa sababu gani?

Kisa ni hiki. Marion, karani katika mji wa Phoenix, ameiba dola 40.000, anakimbia na motokari. Usiku mvua inamshika njiani, anageukia nyumba ya wageni. Kijana Norman anampokea kwa adabu, anampa mkate na maziwa, wanazungumza. Mazungumzo yale yanamgusa Marion, anakata shauri kurudisha feza. Kisha anaingia kuoga, na hapo anauawa.

Msomaji wa Kasongo ao wa Kabambare hahitaji mwalimu wa kumweleza ubaya wa tendo hilo. Katika njia yetu ndefu, mvua ikimkuta mtu na kinga yake ao pikipiki, anapiga hodi kwenye kijiji cha kwanza. Anapewa maji, nafasi karibu na moto, wali na sombe kama vipo, na mkeka. Kulala kwa mtu usiyemjua ni kumpa amana ya maisha yako. Hitchcock amevunja amana hiyo, tena saa ileile mgeni amekwisha kutubu.

Lakini iko hofu ya pili, nayo yanisumbua zaidi. Norman anatia maiti katika motokari, anaisukuma ndani ya matope. Inazama nusu, inasimama. Na sisi watazamaji tunabana pumzi: tunataka izame! Muda kidogo mbele tulimsikitikia yule mwanamke. Sasa roho yetu iko upande wa mtu anayeficha maiti yake. Hitchcock alisoma kwa Wayezuiti, London. Alijua kupima zamiri ya mtu bila kumhubiri.

Tena anatutega mara nyingine. Dirishani chaonekana kivuli cha mama mzee, sauti yake ni kali. Basi, kila mtu anasema, muuaji ndiye huyo. Kumbe mama alikufa miaka 10 mbele, na kijana mwenye adabu ndiye anayevaa nguo zake na kushika kisu. Ndugu msomaji, jambo hili si la Wamarekani tu. Kwetu kifo kikija bila kujulikana sababu, kidole kinanyoshwa upesi kwa bibi kizee anayekaa peke yake. Katika Kivu ya Kusini, jirani na Kabambare, mwezi wa Septemba 2021, wanawake kadhaa waliuawa kwa kuitwa walozi. Mtazamaji wa «Psycho» anahukumu namna ileile, na ushuhuda wake ni kivuli cha dirishani.

Filme ina kosa moja. Karibu na mwisho daktari anaeleza yote kwa maneno mengi, sawa mwalimu anayeogopa kwamba watoto hawakusikia. Afazali angenyamaza. Halafu tunaonyeshwa Norman, peke yake, amejifunika blanketi, sauti ya mama ikisema ndani yake. Anainua macho, anatutazama, anacheka kidogo, na maelezo yote ya daktari tumekwisha kuyasahau.