Ramani za Mugumu: Setilaiti, Simu na Wenyeji

Habari ya kwamba binti wa kitongoji fulani atakeketwa alfajiri haina nafuu kwa binti huyo iwapo dereva aliyetumwa kumwokoa hajui njia, na katika wilaya za Serengeti na Tarime, Tanzania, vitongoji vingi havikuwamo katika ramani yoyote ambayo dereva au askari angeweza kuifungua. Upungufu huo ndio uliomkutanisha Bi Rhobi Samwelly, aliyewafungulia mabinti wanaokimbia ukeketaji nyumba salama mjini Mugumu, wilayani Serengeti, na Crowd2Map, jamii ya wachoraji wa hiari iliyoanza mwaka 2015.

Picha za setilaiti ziligawanywa miraba midogo, kila mmoja wa kiasi cha kumalizwa kwa mkao mmoja, kwani jicho lililochoka huruka nyumba. Mchoraji aliye mbali akafuatisha barabara na mapaa katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kisha mwingine mwenye uzoefu akaupitia mraba ule ule. Hadhari hiyo ilikuwa sharti, maana paa la bati hung'aa likaonekana dhahiri, ilhali msonge wa nyasi, ukitazamwa kutoka juu, hushabihiana mno na kichaka, na mtu asiyewahi kuona mji wa Wakurya, wenyeji wa huko, hukosea akiwa na yakini kwamba amepatia.

Walakini picha, hata iwe safi namna gani, haina majina. Hapo wenyeji walishika simu zao, wakazunguka wakiandika vitongoji, shule, zahanati, makanisa na maduka. Na kwa kuwa simu hutambua mahali ilipo kwa ishara za setilaiti hata pasipo mtandao, kazi haikusimama palipokosekana mnara. Kwa maoni yangu sehemu hii, ya polepole na isiyosifiwa sana, ndiyo iliyoubeba mradi mzima, kwa sababu binti anayekimbia hataji latitudo. Hutaja shule aliyoipita, kisima, au mji wa mzee wanayemjua wote.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha kuharamisha kuwakeketa walio chini ya miaka 18, lakini msimu wa ukeketaji huja Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na mwalimu aliyezoea kuwaona mabinti kila asubuhi hawaoni tena. Kwa hiyo ramani iwe tayari kabla ya msimu huo. Mapaa yaliyokwisha kuchorwa hayahitaji haraka. Vitongoji ndivyo hugawanyika na kupewa majina mapya, hivyo wenyeji wanaoyakusanya majina hayo wapewe nauli na vocha mapema, wayahakiki upya kabla ya Novemba kwisha.