Ngazi za Augustusburg na Makombe ya Falkenlust

Katika mji wa Brühl, karibu na Cologne nchini Ujerumani, mgeni aweza kuyaona kwa siku moja majengo mawili ya mtindo wa Rokoko: kasri la Augustusburg na nyumba ya mawindo iitwayo Falkenlust. Yote mawili yaliamriwa na Clemens August, askofu mkuu wa Cologne, aliyeshika pia majimbo mengine manne ya kiaskofu. Mwaka 1984 UNESCO iliyaandika pamoja katika urithi wa dunia. Kuandikwa pamoja, hata hivyo, si kulingana.

Wengi husifu ngazi za Augustusburg, kazi ya Balthasar Neumann, nami nilizipanda kwa mshangao. Nguzo zadhaniwa marumaru, kumbe ni jasi iliyotiwa rangi ikang'arishwa. Juu, dari aliyoichora Carlo Carlone ni kama mbingu iliyofunguka. Sioni udanganyifu katika jasi hiyo. Ni ustadi wa mikono. Kasoro iko kwingine: kila pambo lanena neno lilelile, kwamba mwenye nyumba ni mkuu. Mshairi akimsifu sultani kwa beti mia bila kututajia alitenda nini, twachoka hata kama vina vimetimia.

Falkenlust, iliyoanzwa na François de Cuvilliés mwaka 1729, ni ndogo, na kwangu ndiyo bora. Mahali pake palichaguliwa kwa kuwa korongo walipita hapo wakienda kutafuta chakula, na kozi waliofunzwa walirushwa kuwakamata. Basi vigae vya buluu na vyeupe vya ngazini vyaonyesha uwindaji huohuo, na juu ya paa pana mahali pa kusimama na kuutazama. Pambo na kazi ya nyumba vyasema lugha moja.

Karibu na nyumba hiyo pana kikanisa. Neno Rokoko lahusiana na neno la Kifaransa rocaille, yaani kazi ya makombe ya baharini na kokoto. Wanafunzi wangu hulidhani jina la anasa tu. Humo kikanisani makombe ni makombe kweli, yamefunika kuta. Nacho kimewekwa kwa heshima ya Maria wa Misri, mwanamke aliyetubu jangwani.

Kutoka chumba cha vioo cha Falkenlust hadi hapo ni mwendo mfupi. Ni mara ngapi askofu aliuenda, kuta hazisemi; lakini ni yeye aliyeamuru kikanisa hicho kijengwe mahali hapo.